Jina la Mreno Katika Nyumba Mbili

Jumapili padri aliposoma tangazo la ndoa yetu kwa mara ya kwanza, nilikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, nimevaa khanga mpya, natabasamu kabla hata hajafungua daftari lake. Akasoma jina la ubatizo la mchumba wangu, akamalizia na la ukoo. Akasoma langu la ubatizo, akamalizia na la ukoo. La ukoo likawa lile lile. Padri akalisogeza daftari karibu na miwani, akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Nyuma yangu mama mmoja akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama siku hizi kaka na dada wanaoana kanisani, na benchi zima likatikisika kwa kicheko cha kubana.

Mimi nami nilicheka. Ndivyo nilivyo. Watu wakicheka karibu yangu nacheka kwanza, naelewa baadaye.

Baada ya misa padri alituita sakristia. Alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, aliyeongea Kiswahili polepole kama anayeokota maneno sakafuni moja moja. Alisema hapo mbele yake kuna watu wawili wa jina moja, wazee wao wote wametoka kusini, nchi ya Mreno, na yeye hawezi kufungisha ndoa ya jamaa wa damu. Hakutufukuza. Alitaka mzee mmoja kutoka kila upande aje ashike kitabu, aape kwamba babu zetu hawakuwa wa damu moja. Maneno ya wazee yakikubaliana, angesoma matangazo mawili yaliyobaki. Yasipokubaliana, basi. Na Majilio yakianza, akasema, hafungishi ndoa ya mtu yeyote mpaka Noeli ipite.

Kwa mtu mwingine Noeli haikuwa mbali. Kwetu ilikuwa mbali mno. Fundi bati aliyemwajiri mchumba wangu alikuwa anafungua duka la pili Morogoro, na mchumba wangu ndiye aliyechaguliwa kwenda kulisimamia, kwa treni ya wiki ya kwanza ya Majilio. Angeondoka na mke, au angeondoka peke yake. Wasichana wa Morogoro nilikuwa nawajua kwa sifa zao tu, na sifa hizo zilitosha kuninyima usingizi.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Wenye nalo ni wengi na karibu wote wako hai. Ni jina la Kireno, refu, la kutamkwa kwa kufunga pua kidogo mwishoni. Utauliza, ilikuwaje tusijue mapema kwamba tunalo wote wawili? Tulijua. Ila Kariakoo hakuna mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina la daftari. Mimi nilikuwa binti Mreno, kwa ajili ya baba, na yeye alikuwa fundi koroboi, maana aligeuza makopo ya maziwa kuwa taa, mchana kutwa, tii tii tii, mpaka ukipita uchochoro wao unaondoka nao masikioni. Siku aliponionyesha kipande chake, ile kadi ya kazi, nikaliona lile jina, niliruka. Niliona Mungu mwenyewe ameshatuandalia. Sanduku langu la bati lilikuwa na jina langu kwa rangi nyekundu, nikawaza kwamba nitakuwa mwanamke wa kwanza mjini kuolewa bila kufuta herufi hata moja.

Kutoka kanisani nilikwenda moja kwa moja kwa baba, nikipita Mnazi Mmoja kwa hatua za mtu anayefukuzwa.

Baba alikuwa akiuza ugoro sokoni, kwenye kona ya wauza viazi. Alikuja mji huu na mzigo wa askari kichwani, wakati wa vita, akalala na wapagazi wenzake mahali pale pale, na vita vilipokwisha hakuona sababu ya kwenda mbali zaidi. Shamba hakuwa nalo, ndugu hakuwa nao, kusoma hakujua. Jina alikuwa nalo. Na jina lilikuwa na hadithi yake, na hadithi ilikwenda pamoja na ugoro. Kule kusini, kwenye mto mkubwa, palikuwa na Bwana Mreno aliyepewa ardhi na mfalme wake, ardhi unayoitembea siku nyingi usiimalize. Bwana yule alikuwa wa ukoo wenye mnara na ngao kwao Ulaya. Na babu yake baba alikuwa mtoto wa Bwana yule, kwa mwanamke wa nyumbani. Ushahidi ulikuwa pua. Kila mara baba aligeuza uso, akainua kidevu, mteja akaiangalia pua ilivyosimama, kisha akachukua ugoro wake kwa ajili ya pua yake mwenyewe. Wauza viazi walimwuliza kama mfalme wake amemletea salamu wiki hii, naye akawajibu meli imechelewa.

Walimtania, ndiyo, lakini niliona pia jinsi walivyomsogezea kigoda. Katika soko lile kila mtu alikuwa na watu wake. Wamanyema walikuwa na watu wao, Wazaramo ndio wenye mji, Waarabu wa dukani walihesabu babu zao mpaka ng'ambo ya bahari. Baba alikuwa peke yake, na yule Bwana na mnara wake ndio waliokuwa mbari yake yote.

Nilipomweleza ya padri, kwanza alifurahi kwamba jina limesomwa mbele ya kanisa zima. Kisha akauliza watu wa kijana wametoka wapi hasa. Nikamwambia ni kwenye mto ule ule, ardhi ya Bwana yule yule. Akafunga mkebe wa ugoro taratibu.

Alinieleza kwamba kule palikuwa na watu wa aina mbili wenye jina lile. Walikuwapo wa damu, na walikuwapo wa kuandikwa. Hao wa pili walikuwa watumwa na wakulima wa Bwana waliotiwa jina lake kwenye daftari ili wasipotee. Basi jambo lenyewe ni jepesi, akasema. Shangazi yake kijana na aje kwa padri aseme kwamba wao ni wa kuandikwa.

Nikakimbia mtaa wa Gerezani, kwa huyo shangazi.

Shangazi yake ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika juu ya mafuta yanayochemka, na alikuwa akiuza maandazi na mbaazi mlangoni kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kugeuza maandazi yake. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa yaliyoiva, akaniambia nimfikishie baba yangu salamu, nimweleze kwamba wao ndio watu wa ndani ya nyumba, na ambao waliandikwa ni sisi.

Nilikaa juu ya kinu chake kilicholala, nikahesabu kwa vidole. Baba akiwa damu ya Bwana, na shangazi akiwa damu ya Bwana, basi mimi na mchumba wangu ni uzao wa mtu mmoja, na padri ana haki. Ili tuoane, ilibidi mmoja wao akubali kuwa si kitu. Ndilo lililobaki, hilo tu.

Wiki ile niliwakutanisha. Mama alitandika mkeka wetu mzuri barazani, akapika chai yenye tangawizi, na wazee wawili wakaketi wakitazamana kama watu waliokuja kununua ng'ombe mmoja. Baba alianza kwa adabu. Alisema yeye ni mtu mzima na shangazi ni mtu mzima, na watoto wanapendana, na neno lenyewe ni moja tu.

"Bibie, sema mliandikwa. Ukitoka pale mlangoni kwa padri, umeshasahau."

"Niandikwe, mzee wangu, kwani mimi mbuzi? Bibi yangu alitembea na funguo za ghala kiunoni. Ukisikia funguo zinalia, unajua mwenye nyumba anakuja."

"Funguo hata mpishi hukabidhiwa."

"Na pua hata kima anayo."

Mama akainamia chai. Mimi nikajiuma mdomo, maana kicheko kilikuwa kinakuja, na nilijua kwamba nikicheka pale sitaolewa milele. Baba akageuza uso pembeni kama alivyozoea, akainua kidevu, na shangazi akamwambia kwa upole kabisa kwamba ameshaiona, asijisumbue. Wakaachana pale pale, chai ikiwa nusu vikombeni.

Walipokwisha ondoka wote mama alinishangaza. Aliniambia kwamba kwao, huko huko kusini, mtu anahesabiwa kwa tumbo la mama. Baba wa mtu ni mgeni aliyepita. Kwa hesabu hiyo mimi na yule kijana hatujuani kabisa, tungeweza kuoana jana. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele yao. Akasema padri hana ukurasa wa matumbo kwenye daftari lake, na wale wawili hawakuwa wakigombania ndoa.

Mchumba wangu yeye hakupenda maneno mengi. Nilimpata uchochoroni kwake na kopo magotini, akaniambia tupande treni tu, Morogoro kuna padri mwingine. Nilifikiri jambo hilo kwa muda wa kutoka kwake mpaka sokoni, na katika mwendo huo niliishi Morogoro, nikazaa, nikapanda migomba, nikaona mlima kutoka dirishani. Kisha nikamwona baba kwenye kona yake anampimia mtu ugoro kwa kifuniko cha chupa. Nikajua siwezi kupanda treni yoyote bila yeye kujua. Jioni nilirudi kumweleza hivyo. Akagonga kopo lake mara tatu nne, akasema, "Haya. Lakini tiketi hainisubiri."

Wakati huo nilikuwa yaya kwa Mgoa mmoja, karani, aliyeishi upande wa Uhindini katika nyumba yenye ngazi za mbao. Na hapa nisicheke peke yangu, acheke na msomaji. Huyo Mgoa naye alikuwa na jina lile lile. Baba ndiye aliyeniombea kazi hiyo, alikwenda kumwona kama mtu anayekwenda kwa ndugu, na siku zote aliwaambia wauza viazi kwamba binti yake anakaa na jamaa zake. Mgoa alilipokea jambo hilo kwa kutabasamu tu, na kila Jumamosi nilikuwa nampelekea ugoro kutoka kwa baba, wala hakuwa mvutaji.

Siku ya Ijumaa mtoto alipolala nilijipa moyo nikamwuliza. Alikuwa mezani, amevua koti. Nilimwuliza jina letu limetoka wapi, na limefikaje kila mahali namna hii.

Alifurahi kama mtu aliyengojea kuulizwa miaka mingi. Alitoa kabatini kitabu chembamba chenye picha za ngao, akanionyesha. Hapo mwanzo halikuwa jina la mtu, akasema, lilikuwa jina la kilima. Juu ya kilima palikuwa na mnara, na mwenye mnara akajiita kwa jina la mahali pake, kama vile mtu wa hapa angejiita Kivukoni. Watoto wa mwenye mnara walikuwa wengi na kilima kilikuwa kidogo, kwa hiyo wadogo wakapanda meli. Mmoja, kapteni, alifika Goa na jeshi. Kijiji cha babu zake karani kilipobatizwa, kilibatizwa chote siku moja, na kila aliyebatizwa alihitaji baba wa ubatizo. Kapteni yule akasimama kuwa baba wa wote. Asubuhi wameamka kila nyumba na jina lake, jioni wamelala kijiji kizima na jina moja. Ndugu mwingine wa kapteni, au mjukuu wake, kitabu hakina hakika, akapewa ardhi Afrika, kando ya mto. Na wengine wakaenda Brazili, na huko nako ni vivyo hivyo.

"Kwa hiyo wewe si damu yake?" nikauliza.

"Hata tone moja. Na mke wangu pia alizaliwa na jina hili hili. Nusu ya kijiji inalo. Tungeoana na nani?"

Nikamwuliza mbona padri hakuwazuia. Akasema kwao daftari za ubatizo zinarudi nyuma vizazi na vizazi, ukitaka kujua nani mtoto wa nani unafungua kabati. Akanitazama, nadhani akaona kwamba nyuma ya jina langu mimi hakuna kabati. Akaniambia nichukue pumziko la saa moja, niende kwetu.

Nilikwenda nikiruka. Niliona nimepata dawa. Nilimkuta baba amekaa, soko limepoa, nikammwagia yote: kilima, mnara, watoto wadogo, kapteni na kijiji chake. Nikamwambia, unaona baba, hata karani mwenye kitabu na ngazi za mbao ni mtu wa kuandikwa, na wala hajali, anacheka.

Baba alisikiliza habari za mnara mara mbili, akaniuliza ulikuwa wa mawe au wa matofali.

"Huyo anaweza kucheka," akasema. "Ana kiti ofisini. Akivua jina anabaki karani. Mimi nikivua nabaki na nini, mwanangu? Na hii kona?"

Nilikuwa nimekuja na hadithi nzuri, na nilikuwa nimeitupa juu ya mtu kama ndoo ya maji. Niliangalia mikono yake, jinsi ugoro ulivyoingia kwenye mistari ya vidole usitoke tena. Nikakumbuka kwamba alilala chini hapo hapo, penye viazi sasa, na wenzake wengine hawakuamka, na hakuna aliyeandika hata jina moja lao. Nikamwambia, baba, yaishe. Nikamwambia kwamba fundi ataondoka, nami nitakaa, na nitampata mwingine mwenye jina fupi. Nilijaribu kuchekesha. Haikuchekesha.

Siku zilizofuata nilifanya kazi zangu vizuri sana. Nilifua, nilipiga pasi, nilimbembeleza mtoto wa karani. Mama anasema sikuimba. Sikujua kwamba huwa naimba mpaka nilipoambiwa kwamba nimeacha. Jioni sikuweza kukaa mahali pamoja, nilikuwa natoka, narudi, naenda kisimani na ndoo iliyojaa. Mchumba wangu alikuwa ameanza kufunga vyombo vyake kwenye gunia.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, baba hakufungua meza. Alivaa koti lake la misimu yote, akafunga vifungo vyote, hata kile kinachombana, akasimama mlangoni.

"Tunaenda," akasema.

Nilimfuata bila kuuliza. Tukapita Gerezani kwanza. Shangazi alipomwona amevaa koti alidhani vita vimeanza tena, akafuta mikono yake kwenye khanga akajiweka sawa. Baba alimwambia tu kwamba padri anawangoja. Tukaenda watatu, yeye mbele, shangazi nyuma yake akilalamika juu ya maandazi aliyomwachia jirani, na mimi nikibadilisha upande kila mara, mara kwa baba, mara kwa shangazi, nikiwa sijui tunakwenda kuolewa au kugombana mbele ya Mungu.

Ofisini padri alimpa baba kiti. Hakukaa. Aliweka mkono juu ya kitabu kabla hajaambiwa.

"Babu yangu alikuwa mbeba machela," akasema.

Padri hakulijua neno. Baba akamwonyesha kwa mikono. Kitanda cha kitambaa chini ya mti mrefu, Bwana amelala ndani, na watu wanne wameubeba mti mabegani. Babu yake alikuwa wa nyuma, upande wa kushoto. Bwana alikuwa mnene na alipenda kulalia upande huo, kwa hiyo upande huo ndio uliokuwa mzito kila safari. Begani mwa babu yake palikuwa na sugu kubwa kama ngumi ya mtoto, na baba alipokuwa mdogo alikuwa akilishika ili alale. Siku karani wa Bwana alipoketi na daftari, watu walisimama kwa mstari, na kila mmoja akaulizwa ni mtu wa nani. Babu yake akajibu kwamba ni mtu wa Bwana. Karani akaandika jina la Bwana. Wa nyuma yake akajibu hivyo hivyo.

"Hiyo ndiyo damu yetu," baba akasema. "Andika, padri."

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati la vitabu. Nilitaka kukaa na hapakuwa na kiti, na baba hakukitumia chake. Hadithi ya pua nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, ningeweza kuisimulia usingizini, lakini ya bega sikuwahi kuisikia hata siku moja. Sikujua kama ndiyo kwanza ameitunga njiani, tulipokuwa tunapita Mnazi Mmoja, au alikuwa ameificha miaka yote chini ya ile nyingine.

Padri akamgeukia shangazi, akamwuliza na upande wao ulikuwaje. Nilimwona anafungua mdomo mkubwa, ule wa barazani. Kisha akamtazama baba, mkono wake bado uko juu ya kitabu.

"Sisi tulikuwa ndani ya nyumba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. "Hatukujuana na wa nje."

Padri akaandika kurasa mbili. Baba akatia alama yake ya msalaba, akaomba asomewe. Padri akasoma kwa Kiswahili chake cha kuokota, na baba akawa anatikisa kichwa kila alipofika kwenye bega, kuhakikisha limeandikwa kushoto.

Kurudi, tulifika mahali njia zinapoachana. Shangazi akaniambia nitangulie kidogo. Nilitangulia hatua mbili.

"Mzee," akamwambia baba, "ungesema mliandikwa, yakaisha. Bega hukuwa na haja ya kulitaja."

"Padri angeuliza."

"Asingeuliza."

Baba akafungua kifungo kilichombana. Akasema kama ni hivyo basi, limeshasemwa.

Jumapili mbili zilizofuata matangazo yalisomwa na hakuna aliyecheka, ila mimi, kwa furaha. Habari ilikwisha fika sokoni kabla ya hapo. Sijui nani aliyeipeleka. Mwuza viazi mmoja alimwita baba Machela, siku ya kwanza, akingoja aone. Baba akampimia ugoro wake kama kawaida, akamrudishia kifuniko. Kona haikumkimbia. Kigoda walikisogeza vile vile. Lakini nilipita pale kila siku wiki ile, mara mbili, mara tatu, nikijifanya natafuta limau, na sikumwona akigeuza uso pembeni hata mara moja. Alikuwa anapima tu, na watu walikuwa wanachukua na kuondoka.

Tulifunga ndoa Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Karani alikuja na mke wake, wakakaa kwenye viti viwili tulivyoazima, akampa mume wangu mkono akamwita ndugu, akacheka sana. Wali ulitosha. Shangazi alikuwa katikati ya uwanja, amevaa nguo ya hariri iliyomshika kila mahali, akiwasimulia wageni wa upande wake habari za Bwana Mreno, mnara, ngao, na bibi yake aliyekuwa akitembea funguo zikilia. Alisimulia vizuri. Mnara alikuwa ameupata kwa baba, maana barazani kwetu hakuwa nao.

Baba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anasikia kila neno. Mgeni mmoja, hakujua, akamgeukia akamwuliza kama naye ni wa ukoo ule wa mnara. Mimi nilikuwa nimekalishwa mkekani, nimefunikwa, na bibi harusi hainuki, lakini nilikuwa nimeshainuka nusu.

"Mimi babu yangu alibeba machela," baba akamjibu yule mgeni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya ugoro.

"Ndiye aliyembeba babu yangu," shangazi akadakia, na uwanja ukapasuka. Kisha akanyoosha mkono na sahani yake tupu. "Haya, mbeba machela. Nibebee."

Nilimwona baba akiitazama ile sahani. Mama alishusha mwiko. Mume wangu alisogea kutoka alipokuwa, nadhani ili aichukue yeye. Baba akainuka kabla yake. Akaipokea, akaenda kwenye sufuria, akapakua wali, akachagua nyama, akachagua tena, akarudi nayo. Hakumpa. Alijisukumia nafasi mkekani karibu na shangazi, akaiweka katikati yao, akatia mkono, akala kwanza yeye.

"Alikuwa mzito mno, babu yako," akamwambia mdomo ukiwa umejaa.

Shangazi alicheka mpaka akamwegemea. Watu wakacheka, karani akacheka, na mimi, ambaye watu wakicheka hucheka kwanza, nilikaa chini ya lile shela nikijaribu kumwona baba vizuri kupitia kitambaa, kama naye anacheka, nikalivuta huku, nikalivuta kule, mpaka somo wangu, aliyenifunda, akanipiga kofi mkononi akaniambia nitulie, wageni wananiangalia.